Kidonge kilichofukuzwa, kikarudi na kazi mpya

Ukiskia mzee wa Chala akitaja Mjerumani, jua stori inaelekea Salaita, vita vya 1916. Leo nawaletea Mjerumani mwingine, aliyekuja na kidonge cha usingizi.

Oktoba 1957 kampuni ya Grünenthal ya Ujerumani Magharibi ilianza kuuza thalidomide kwa jina la Contergan. Unanunua tu dukani bila karatasi ya daktari. Walisema ni salama kabisa, na wajawazito wakameza kutuliza kichefuchefu. Watoto zaidi ya 10,000 duniani wakazaliwa na mikono au miguu mifupi, wengine bila kabisa, na wengi wakafa wachanga. Novemba 1961 kikatolewa sokoni Ujerumani. Kule Marekani hakikuwahi kuruhusiwa kuuzwa miaka hiyo, kwa sababu Frances Kelsey, daktari wa mamlaka ya dawa, alikataa kupitisha maombi bila ushahidi. Kampuni ilimpea presha, mama akakaa ngumu.

Ungedhani imeisha hapo. Lakini 1964, mjini Jerusalem, daktari Jacob Sheskin alikuwa na mgonjwa wa ukoma asiyelala kwa maumivu. Akampa thalidomide ndio apate usingizi. Baada ya siku chache uvimbe na vidonda vikaanza kutulia. Kumbe kidonge kinagusa kinga ya mwili. Dawa za ukoo huu ndizo leo zinaitwa dawa za kurekebisha kinga.

Sasa tuje kwa uboho, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu. Kuna kansa yake inaitwa mayeloma. Seli za plazma, ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili, zinageuka wahuni na kujaza uboho. Mifupa inatoboka, damu inapungua, figo zinachoka. Hadi miaka ya tisini dawa kuu zilikuwa zilezile za miaka ya sitini, na kupandikiza uboho kwa wachache walioweza.

Halafu mwaka wa 1997 mke wa mgonjwa mmoja Marekani, aliyekataa kukaa akingoja kifo cha mumewe, akaanza kupigia watafiti simu. Judah Folkman wa Boston akamwambia kuhusu thalidomide, kwa sababu maabara yake ilikuwa imeonyesha inazuia mishipa mipya ya damu kuota. Daktari Bart Barlogie wa Arkansas akakubali kuijaribu. Mume wa huyo mama haikumsaidia. Akafa. Lakini mgonjwa mwingine aliyejaribiwa baadaye alipata nafuu kubwa. Mwaka wa 1999 matokeo ya wagonjwa 84 yakachapishwa, watu ambao wengi wao matibabu mengine yalikuwa yamewashinda, na karibu theluthi moja walipata nafuu. Baadaye ikaja ndugu yake, lenalidomide, iliyoidhinishwa Marekani 2005 kwa aina moja ya ugonjwa wa uboho kushindwa kutengeneza damu vizuri, na 2006 kwa mayeloma.

Ni 2010 tu ndio wanasayansi wa Japani walionyesha kidonge kinashika wapi. Kinajibandika kwa protini inaitwa sereblon, sehemu ya mtambo wa taka wa seli, na kuulazimisha utupe vitu ambavyo haukupangiwa kutupa. Kwa mayeloma, unatupa protini ambazo kansa inategemea kuishi. Kwa mtoto tumboni, unatupa protini anayohitaji kuunda mikono. Kwa hivyo kidonge hakijawahi kubadilika tabia. Kule Brazil watoto waliendelea kuathirika miaka mingi baadaye, kwa sababu dawa za ukoma ziligawanwa nyumbani. Dawa ya mgonjwa haigawanwi, na mjamzito haigusi kabisa.

Mimi chuo niliacha njiani, lakini hii hesabu naiona. Tangu 2019 thalidomide na lenalidomide ziko kwa orodha ya dawa muhimu ya WHO. India wanatengeneza za bei nafuu. Eldoret, hospitali ya rufaa ya Moi na AMPATH wana huduma ya mayeloma. Sasa pima safari: Chala hadi Taveta, Taveta hadi Voi, Voi hadi Nairobi, halafu Eldoret. Hiyo ni kama ugonjwa umejulikana. Wengi hawafiki hapo. Mzee analalamika mgongo, anapakwa dawa ya kuchua, ananunuliwa ya maumivu kwa kemisti, mwaka unaisha.

Kelsey aliuliza ushahidi uko wapi. Yule mama aliuliza ni nini kingine hakijajaribiwa. Sisi wa huku tuulize letu: kwa nini kipimo cha damu na mkojo cha kushuku mayeloma kisianzie Taveta? Na kama guka ama nyanya yako ana maumivu ya mifupa yasiyoisha, damu iko chini na anachoka ovyo, usimwachie kemisti. Mpeleke hospitali, useme wazi unataka wachunguze uboho.