Mizani Mbele ya Watu: Mashabiki wa Mashindano ya Uvuvi wa Besi Nchini Marekani

Mama yangu aliuza sangara kwa miaka mingi kwenye mwalo mmoja wa Ziwa Viktoria, upande wa Uganda. Kitu alichokilalamikia kuliko mvua na kuliko bei ni mizani ya mnunuzi. Ilitundikwa juu, uso wake umemwelekea mnunuzi, na muuzaji alisomewa namba tu. Ukibisha, samaki wako wanabaki juani. Nimeanza na mizani hiyo kwa sababu ndiyo iliyonisaidia kuelewa jambo ambalo wenzangu wa bwenini bado wananicheka kwalo: kwa nini maelfu ya Wamarekani hujaza uwanja wa ndani ili kumtazama mtu akitoa samaki kwenye mfuko na kuwaweka kwenye mizani, na kwa nini mimi nami hukesha kuwatazama.

Mchezo wenyewe ni mashindano ya wavuvi wa mshipi wanaolipwa, na samaki wao ni besi, hasa yule mwenye mdomo mkubwa. Ni samaki wa maji baridi, mkali, anayekaa kwenye magugu na visiki akivizia. Si mgeni kabisa kwetu, maana mwaka 1929 alipandikizwa Ziwa Naivasha, Kenya, ili walowezi wapate burudani ya kumvua. Mshindani hutoka alfajiri kwa boti yenye injini kubwa, huvua kwa chambo bandia, na jioni hurudi na samaki wake bora, kwa kawaida watano. Uzito wa siku zote hujumlishwa. Mwenye ratili nyingi ndiye mshindi.

Shida ya shabiki iko wazi. Mpira huchezwa mbele yake. Uvuvi hufanyika kilomita nyingi kutoka alipo, nyuma ya visiwa, ndani ya maji yasiyoonyesha kitu. Anacholetewa ni samaki na hadithi, na sisi tuliokulia ziwani tunajua hadithi za wavuvi zilivyo. Kwa hiyo nitaisimulia historia hii kwa kufuata swali la huyo aliyebaki ufukoni: nitajuaje kuwa ni kweli?

Mtu wa kwanza kulichukua swali hilo kama biashara alikuwa Ray Scott, muuza bima wa Montgomery, Alabama. Machi 1967 alikuwa Jackson, Mississippi, mvua ikamzuia kuvua, akajilaza hotelini akitazama mpira wa kikapu kwenye televisheni. Hapo ndipo alipopata wazo kwamba uvuvi nao ungeweza kuwa na mashindano makubwa yenye heshima. Neno heshima ndilo la kuangaliwa. Mashindano ya uvuvi yalikuwapo tayari katika miji mingi ya Kusini, lakini yalikuwa na sifa mbaya ya udanganyifu: mtu angeweza kuja na samaki aliowavua juzi, au waliovuliwa na binamu yake. Juni 1967 Scott aliwakusanya wavuvi 106 kwenye Bwawa la Beaver, Arkansas, kila mmoja akiwa amelipa dola 100. Stan Sloan wa Tennessee akashinda. Mwaka uliofuata Scott akaanzisha chama, B.A.S.S., na jarida lake.

Mahali penyewe panastahili neno. Beaver ni bwawa, si ziwa la asili, na wakati huo lilikuwa jipya kabisa. Tangu mamlaka ya bonde la mto Tennessee iundwe mwaka 1933, serikali ya Marekani ilikuwa imeziba mito mingi ya Kusini kwa ajili ya umeme na kuzuia mafuriko, na mashamba yaliyofunikwa na maji yaliacha visiki, uzio na barabara chini yake, yaani makao ambayo besi huyapenda. Bila mabwawa hayo Scott angebaki na bima zake. Wanaosimulia mchezo huu kama kazi ya mtu mmoja mwenye akili (na wapo wengi) humsahau mhandisi.

Sheria ya Scott iliyonivutia zaidi ni ya kupanga watu. Washindani wawili wasiofahamiana waliwekwa boti moja kwa kura, kila mmoja akiwa shahidi wa mwenzake. Huwezi kumficha samaki wa jana mbele ya mtu anayetaka zawadi ileile. Halafu jioni samaki walipimwa hadharani, namba ikasomwa kwa sauti mbele ya yeyote aliyefika. Nilipokisoma kisa hicho mara ya kwanza nilimkumbuka mama na ule uso wa mizani uliogeuziwa upande wa pili.

Mwaka 1971 Scott aliongeza kilele cha msimu, Bassmaster Classic. Wavuvi 24 walipandishwa ndege bila kujua wanakwenda wapi, wakaambiwa wakiwa angani kwamba ni Ziwa Mead, Nevada. Hivyo hakuna aliyeweza kwenda kuchunguza maji mapema. Bobby Murray wa Arkansas alishinda dola 10,000, na wengine hawakupata kitu. Shabiki wa wakati huo alisubiri jarida. Waandishi wa habari walichukuliwa pamoja na wavuvi, wakakaa ndani ya boti zao, na macho yao ndiyo yaliyokuwa macho ya msomaji wa nyumbani.

Mwaka 1972 likaja jambo ambalo mjomba wangu, mvuvi wa nyavu, halikubali hadi leo. Scott alianza kampeni ya kuwarudisha samaki majini wakiwa hai. Boti zikawekewa matangi ya maji yenye hewa, na aliyeleta samaki mfu akapunguziwa uzito. Nilipomweleza mjomba aliuliza, “Sasa wanakula nini?” Ni swali zuri, kwa sababu hata Marekani desturi haikuwa hiyo. Besi wa mdomo mkubwa aliyeweka rekodi ya dunia, mwenye ratili 22 na aunsi 4, alivuliwa Georgia mwaka 1932 na kijana maskini aliyeitwa George Perry, na baada ya kupimwa akaliwa na familia yake. Ulikuwa wakati wa mdororo wa uchumi. Miaka arobaini baadaye, kumla samaki kama yule kukawa karibu na aibu. Sababu ya kwanza ilikuwa hifadhi, lakini kwa shabiki kulikuwa na faida nyingine: samaki aliye hai, anayepigapiga mkia mikononi mwa mvuvi, hawezi kuwa wa wiki iliyopita.

Kisha mwaka 1981, huko Montgomery, Classic iliingizwa ndani ya ukumbi. Boti zilivutwa na magari zikiwa na wavuvi wake zikapita katikati ya watu. Mizani ikawekwa jukwaani chini ya taa. Aliyeshinda ni Stanley Mitchell, kijana wa miaka 21. Kuanzia hapo mashindano yakawa na sehemu mbili, ziwani na jukwaani, na kwa shabiki sehemu ya kweli ilikuwa ya pili. Anayeongoza husubiri huku kila mpinzani akipanda. Mvuvi mzuri wa jukwaa huanza na samaki mdogo, mkubwa humficha hadi mwisho. Mnamo 2023 huko Knoxville, Tennessee, siku tatu za Classic na maonyesho yake zilihudhuriwa na watu zaidi ya 160,000, na Jeff Gustafson akawa Mkanada wa kwanza kulitwaa taji.

Nisiipambe picha kupita kiasi. Ile sheria ya kuwapanga wageni wawili boti moja, niliyoisifu hapo juu, ilitumika pia kufunga mlango. Hoja iliyorudiwa mara nyingi ni kwamba mwanamume na mwanamke wasiofahamiana hawawezi kukaa siku nzima peke yao katika boti isiyo na choo. Ni mwaka 1991 tu ndipo Vojai Reed alipoweza kushiriki mashindano ya B.A.S.S. yaliyokuwa ya wanaume, na Classic yenyewe haikupata mwanamke hadi Kim Bain-Moore mwaka 2009. Mmarekani Mweusi wa kwanza kufuzu kwa Classic alikuwa Alfred Williams wa Jackson, Mississippi, mwaka 1983. Alimaliza wa kumi. Jackson ni mji uleule Scott alikolala hotelini, na mvuvi Mweusi wa mji huo alihitaji miaka 16 kutoka siku ya lile wazo hadi jukwaani.

Televisheni ilibadilisha mambo polepole. Vipindi vya kila wiki vilionyesha samaki waliokwisha kuvuliwa zamani, na ESPN ilipoinunua B.A.S.S. mwaka 2001 ilileta kelele na fedha zaidi. Badiliko kubwa kwangu ni la 2009. Katika ngazi ya juu, mshindani wa pili aliondolewa kwenye boti, nafasi yake ikachukuliwa na shabiki. Watu hao huitwa maashali. Hulipa ada, hukaa siku nzima nyuma ya mvuvi bingwa, hawaruhusiwi kuvua wala kusaidia. Kazi yao ni kuona, na kila samaki anapoingia humkadiria uzito na kumtuma kwa simu. Yule aliyekuwa akiuliza ufukoni sasa ndiye shahidi. Sijui mchezo mwingine unaomweka shabiki karibu na mchezaji namna hiyo, halafu ukamwamuru anyamaze.

Baadaye kamera ziliingia botini, na matangazo ya moja kwa moja kwenye intaneti yakatufikia hata sisi. Boti zikiondoka saa moja asubuhi Alabama, kwetu ni saa tisa alasiri, na wakati wa kupima unakaribia saa sita usiku. Mwenzangu wa chumba huzima taa kwa makusudi.

Mwaka 2019 mashabiki waligawanyika. Wavuvi wapatao 80 walianza mzunguko mpya wa Major League Fishing, miongoni mwao Kevin VanDam, bingwa wa Classic mara nne, na Takahiro Omori, Mjapani aliyefika Marekani mwaka 1992, akalala ndani ya gari lake kwa miaka, hadi akashinda Classic ya 2004. Huko mwamuzi alikaa botini, akapima kila samaki aliyefikia uzito unaotakiwa, akarudishwa majini papo hapo, na namba ikaonekana kwa wote, wavuvi wenyewe wakiwemo. Hakuna mfuko, hakuna jukwaa. Samaki akianguka ndani ya boti, mvuvi hukalishwa dakika mbili bila kuvua.

Kwa samaki, mfumo huo ni bora, sibishi. Kwa ukweli pia, maana kila uzito una shahidi na kamera. Hata hivyo nilipoutazama niligundua nimekosa kitu. Namba ilikuwa sahihi lakini hapakuwa na aliyekusanyika kuiona. Huenda ni udhaifu wangu wa mtoto wa mwaloni. Kwangu mizani inataka umati, watu wanaobana pumzi kwa pamoja kabla mshale haujatulia.

Rick Clunn hakuhama. Alikuwa ameshinda Classic mwaka 1976, 1977, 1984 na 1990, na wengi walishamhesabu kama mzee wa kupigiwa saluti tu. Februari 2019, kwenye mto St. Johns huko Florida, mahali aliposhinda miaka mitatu nyuma akiwa na miaka 69, alishinda tena akiwa na miaka 72. Nimetazama rekodi ya jioni ile mara nyingi. Anapanda jukwaani mjini Palatka, kando ya mto, mfuko umemlemea mkono. Anawatoa samaki wake, na kabla msomaji wa namba hajafungua mdomo watu wameshasimama. Nilimwonyesha mama kwenye simu. Hakuuliza chochote kuhusu Clunn. Aliniomba nisimamishe picha, akaisogeza karibu na macho, akaitazama mizani imeelekea upande gani.