Magemu kwenye Linux: laptopu ya mtumba iliyokataliwa na Windows 11 bado inacheza

Oktoba 14, 2025 Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kwa mwenye kompyuta mpya hiyo ilikuwa habari ndogo: anabonyeza, anahamia Windows 11, maisha yanaendelea. Kwa kijana wa Makambako au Njombe mjini mwenye laptopu ya mtumba iliyopanda basi kutoka Dar es Salaam, mambo ni tofauti. Windows 11 inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Mashine nyingi za mtumba hazifiki hapo.

Njia ya kwanza ni kumwambia fundi apige Windows 11 kwa kuruka vizuizi. Inawezekana, ila Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine iliyoingizwa kwa mlango wa nyuma. Njia ya pili ni kununua laptopu nyingine. Ipo na ya tatu, Linux, na kila ikitajwa jibu huwa lile lile: "Hiyo haina magemu."

Miaka 10 iliyopita jibu hilo lilikuwa na ukweli mwingi. Leo lina ukweli nusu, na hiyo nusu inategemea mambo mawili: mashine ni ya kizazi gani, na gemu lenyewe ni lipi.

Mfumo wenyewe

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi jijini Helsinki, Finland. Ni ya bure, na haihitaji leseni ya kununua wala ya kuchakachua. Kama unasomea habari hii kwenye simu ya Android, tayari unatumia kiini cha Linux, kwa sababu Android imejengwa juu yake. Kwenye kompyuta huja kwa matoleo mengi: Ubuntu, lililozinduliwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, Linux Mint, Fedora na mengine.

Tanzania si mgeni kwenye mambo haya. Mwaka huo huo wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Lakini hizo zilikuwa kazi za barua na mahesabu. Aliyetaka kucheza alibaki Windows.

Mkalimani wa katikati

Gemu la Windows haliwezi kuongea na Linux moja kwa moja. Linahitaji mkalimani, kama yule anayekaa kati ya bibi anayejua Kibena tu na mgeni anayejua Kiswahili tu. Mkalimani wa zamani anaitwa Wine, kazi iliyoanza mwaka 1993. Kwa miaka mingi alikuwa na kigugumizi: programu ndogo zilikubali, magemu makubwa yaligoma.

Mabadiliko yalikuja Agosti 2018. Valve, kampuni ya Marekani inayomiliki duka la magemu la Steam, ilitoa Proton, ambayo ni Wine iliyoongezewa nguvu. Kiungo muhimu ndani yake ni DXVK. Magemu ya Windows huomba michoro kwa lugha ya DirectX, na DXVK huigeuza kuwa Vulkan, ambayo Linux inaielewa. Mchezaji haoni lolote kati ya hayo. Anabonyeza kitufe cha kucheza, gemu linafunguka.

Valve haikufanya hivyo kwa huruma. Ilitaka kuuza mashine yake ya mkononi, Steam Deck, iliyotoka Februari 2022 na inayotumia Linux. Steam Deck haiuzwi rasmi Tanzania, lakini kazi iliyofanyika kwa ajili yake inamfikia yeyote mwenye Linux, hata kama mashine yake ni HP iliyochubuka kona. Oktoba 2025, kwa mara ya kwanza, watumiaji wa Linux walivuka asilimia 3 ya wachezaji wa Steam duniani. Ni wachache bado, ila zamani hata asilimia 1 ilikuwa shida kuifikisha.

Tazama namba ya prosesa kwanza

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kabla ya kuuliza kama gemu fulani linakubali, angalia prosesa. Kwenye Intel za miaka hiyo, namba ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8. Kwa wanaozijua laptopu za HP EliteBook 840, ambazo zimejaa kwenye maduka ya mtumba, G1 ni kizazi cha 4, G2 cha 5, G3 cha 6, G4 cha 7 na G5 cha 8.

Kizazi cha 4 kurudi nyuma kina tatizo. Tangu Novemba 2022 DXVK inadai Vulkan toleo la 1.3, na michoro ya Intel ya kizazi hicho haijakamilika kwa Vulkan. Zipo njia za kuzunguka, kama kutumia Proton ya zamani au kutafsiri kupitia OpenGL, lakini ni za mtu mwenye subira. Mashine hizo zinafaa kwa magemu mepesi na ya miaka ya nyuma.

Kizazi cha 6 na cha 7 ndipo penye neema. Hizi ni mashine ambazo Windows 11 inazikataa rasmi, wakati Proton ya sasa inazikubali bila masharti. Kwa maneno mengine, G3 ambayo muuzaji anaishusha bei kwa sababu "haipokei Windows 11" haina upungufu wowote mbele ya Linux. Anayenunua laptopu kwa ajili ya magemu na hana mpango wa kurudi Windows ana sababu nzuri ya kuichagua, na chenji iliyobaki aitie kwenye RAM.

RAM ina maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Laptopu hizi hazina kadi ya michoro ya peke yake. Chipu ya michoro inaazima RAM ya kawaida. Ikiwa na kipande kimoja cha GB 8, inapumua kwa pua moja. Vipande viwili vya GB 4 vina jumla ile ile, lakini gemu linakwenda kwa wepesi unaoonekana kwa macho. Mashine yenye GB 4 peke yake isitegemewe kwa kitu kizito.

Hata hivyo Linux haifanyi miujiza. Euro Truck Simulator 2 kwenye G3 itaenda ikiwa michoro imeshushwa. GTA V upande wa hadithi itajikongoja. Counter-Strike 2 itafunguka, kisha itakwamakwama mpaka mchezaji achoke mwenyewe. Ingekuwa hivyo hivyo kwenye Windows, maana tatizo ni chipu ya michoro. (Kwenye joto la mashine, Njombe ina bahati yake: laptopu inayochemka Dar es Salaam hupoa vizuri Juni na Julai huku, wakati hata viazi shambani vinaungua kwa baridi.)

Milango iliyofungwa makusudi

Yapo magemu yasiyokubali hata kwenye mashine ya mamilioni. Haya ni ya mtandaoni yanayotumia programu za kukamata wadanganyifu, zile zinazochungulia ndani kabisa ya mfumo kuona kama mchezaji ametia ujanja.

Kwa mashabiki wa mpira habari si nzuri. Tangu FIFA 23, kampuni ya EA imeweka ulinzi wake wenyewe, na ulinzi huo hautambui Linux. Mfululizo wa EA Sports FC ulirithi hali hiyo. Hata anayetaka kucheza peke yake bila mtandao anakwama, kwa sababu ulinzi unaanza pamoja na gemu. Mwenye kibanda anayetegemea FC abaki na PlayStation yake, au aache Windows kwenye mashine moja.

Fortnite haifunguki. Valorant haijawahi kufunguka. League of Legends ilikuwa ikichezeka kwa Linux hadi mwaka 2024, ilipoingiziwa ulinzi ule ule wa Valorant. Mwaka huo huo Apex Legends iliwafungia nje wachezaji wa Linux, na GTA Online nayo ikafunga, ingawa hadithi ya GTA V inaendelea kukubali.

Jambo la kuudhi ni kwamba hakuna kizuizi cha lazima. Easy Anti-Cheat na BattlEye, programu mbili kubwa za kazi hiyo, zilitangaza mwaka 2021 kwamba zinaweza kufanya kazi na Proton. Mwenye gemu anatakiwa tu kuruhusu. Baadhi wameruhusu. Wengine wanasema Linux inawapa wadanganyifu mwanya, na wengine wanaona wateja ni wachache mno. Fundi wa Makambako hata awe hodari vipi hawezi kuutengua uamuzi uliofanywa ofisini Marekani.

Kwa hiyo kabla ya kununua gemu ni vyema kupitia tovuti ya ProtonDB. Huko wachezaji wenyewe huandika gemu gani limekubali, kwenye mashine gani na kwa marekebisho gani. Kusoma ni bure na inafunguka kwenye simu. Bei za Steam kwa Tanzania ziko kwa dola, na malipo ni kwa kadi ya Visa au Mastercard, zikiwemo kadi za mtandaoni zinazotolewa kupitia mitandao ya simu.

Bando ndilo adui

Kwa mtu wa Njombe, gharama kubwa mara nyingi ni data. Linux Mint yenyewe ni kama GB 3 kupakua. Ubuntu ya sasa ni karibu mara mbili ya hiyo. Counter-Strike 2 inaomba nafasi ya GB 85, na hapo masasisho hayajaanza.

Steam kwenye Linux ina tabia moja inayokula bando kimya kimya: hupakua mafaili ya kuandaa michoro mapema, na huyarudia mara kwa mara hata kwa gemu ambalo halijaguswa wiki nzima. Kipengele hicho kinazimwa kwenye mipangilio, sehemu ya upakuaji. Ukikizima, gemu linaweza kukwama kidogo dakika za mwanzo, lakini bando linabaki salama.

Kwa wenye mashine zaidi ya moja, mfano kibanda au marafiki wanaokaa nyumba moja, Steam iliongeza jambo zuri mwaka 2023. Mashine moja ikishapakua gemu, ya pili inalivuta kutoka kwa mwenzake kupitia Wi-Fi ya ndani au waya, bila kugusa intaneti. Rafiki mwenye intaneti ya kulipia kwa mwezi anakuwa mtu wa thamani sana.

Yasiyohitaji mkalimani

Yapo magemu yaliyoandikwa kwa ajili ya Linux tangu mwanzo, na mengi ni ya bure. SuperTuxKart, mbio za magari madogo, haifiki GB 1 na watu wawili wanaweza kucheza kwenye kioo kimoja. 0 A.D. ni ya vita vya falme za kale, ikiwemo Kush ya bonde la Nile. Dota 2 inakubali moja kwa moja, na Minecraft ya Java pia.

Halafu kuna PPSSPP. Vijana wengi waliizoea kwenye simu kwa kucheza magemu ya PSP, hasa mpira. Programu hiyo hiyo ipo kwenye Linux, ni nyepesi hata kwa laptopu ya kizazi cha 4, na ligi uliyoihifadhi kwenye simu inaweza kuhamishiwa kwenye kompyuta ikaendelea pale pale. Programu ni halali na ya bure, ila magemu yenyewe bado yana hakimiliki ya wenyewe.

Pedi nazo si tatizo. Za PlayStation 4 na 5 zinatambuliwa pindi zinapochomekwa. Ile ya PS5 inatumia programu iliyoandikwa na Sony wenyewe na kuingizwa kwenye Linux mwaka 2021, jambo ambalo miaka michache nyuma lingechekwa.

Jaribu kabla ya kufuta

Linux inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski. Flashi ya GB 8 inatosha, na programu kama Rufus ndizo zinazoiandaa. Mashine ikiwaka kwa flashi, mwenyewe aangalie Wi-Fi, sauti na mwanga wa kioo, na achomeke pedi. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu inasoma kutoka kwenye flashi, hivyo kasi ya hapo isiwe kipimo cha magemu.

Mwenye nafasi kwenye diski anaweza kuweka Linux pembeni ya Windows na kuchagua kila anapowasha. Ndivyo inavyofaa kwa anayehitaji FC jioni na Linux mchana. Kwa vyovyote, picha na nyaraka zihamishiwe kwanza kwenye diski ya nje, na chaja iwe ukutani wakati wa kupiga mfumo. Umeme ukikatika katikati, betri ya laptopu ya mtumba si ya kuaminiwa.