Meneja Kafukuzwa: Meneja Yupi?

Julai 6, 2025 klabu ya besiboli ya Washington Nationals iliwafuta kazi watu wawili kwa siku moja, Davey Martinez na Mike Rizzo. Kwa Kiingereza Martinez alikuwa "manager" na Rizzo "general manager". Mpe habari hiyo mwandishi wa Kiswahili mwenye haraka, naye atakuandikia kwamba meneja na meneja mkuu wa Nationals wametimuliwa. Sarufi haina kasoro. Ila msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ataona ofisi moja yenye meza mbili, bosi mdogo na bosi mkubwa, wote na tai shingoni.

Martinez hakuwa na tai. Alivaa jezi yenye namba mgongoni kama wachezaji wake, akakaa nao benchi, akapanga kikosi na kuamua nani aingie na nani atoke. Rizzo ndiye aliyekuwa mtu wa ofisini: kusajili, kuuza, kubadilishana wachezaji na klabu nyingine, na kumtafuta huyo Martinez mwenyewe. Nafasi zao zilipojazwa, klabu ilianza na ya Rizzo. Paul Toboni aliajiriwa kuongoza idara nzima ya besiboli, kisha ndipo akapatikana Blake Butera, kijana wa miaka 33, wa kukaa benchi. Mpangilio huo unaeleza nani yuko juu ya nani kuliko vyeo vyenyewe.

Kwetu neno "meneja" lina mwenyewe tayari. Meneja wa timu, katika soka letu, ndiye anayeshika pasi za kusafiria za wachezaji, anayehakikisha basi limefika, jezi zimefuliwa na vyumba vya hoteli vimelipiwa. Timu ikifungwa hakuna anayemkumbuka. Novemba 2023 Simba walipopigwa 5-1 na Yanga, aliyeondoka ni kocha Robertinho, wala hakuna shabiki aliyemuulizia meneja. Kwa hiyo ukiandika kwamba meneja wa New York Yankees amefukuzwa, kuna wasomaji watakaojiuliza kama timu ilikosa ndege.

Wamarekani wenyewe hawasemi hivi kila mahali. Katika mpira wa kikapu na katika futiboli yao, mkuu wa benchi huitwa kocha mkuu. Besiboli peke yake ndiyo iliyobaki na "manager", na sababu ni ya kihistoria. Harry Wright, aliyeiunda timu ya Cincinnati Red Stockings ya mwaka 1869, timu ya kwanza kulipa wachezaji wake waziwazi, alikuwa kila kitu: aliwatafuta wachezaji, alipanga safari, alishughulikia fedha na alicheza mwenyewe. Huyo alikuwa meneja hasa. Wa mwisho wa ukoo huo ni Connie Mack, aliyeiongoza Philadelphia Athletics kwa miaka 50, kuanzia 1901 hadi 1950, akiwa benchini na suti yake badala ya jezi. Hakuna aliyeweza kumfukuza kwa kuwa alikuwa mmoja wa wamiliki. Taratibu kazi ziligawanywa. Usajili, mishahara na mipango ya miaka ijayo vilihamia ofisini, na jina likabaki uwanjani na mtu aliyepungukiwa madaraka.

Yalipungua kiasi gani? Walioitazama filamu ya Moneyball ya mwaka 2011 wanamkumbuka Art Howe, mkuu wa benchi la Oakland, akikataa kumpanga Scott Hatteberg kwenye nafasi ambayo ofisi imeagiza. Billy Beane, bosi wa usajili, habishani naye sana. Anamuuza Carlos Peña, mchezaji ambaye Howe amekuwa akimpanga, na Howe anabaki bila chaguo. Filamu ni filamu, na Howe wa kweli alilalamika hadharani kwamba alichorwa vibaya. Lakini mantiki ya tukio hilo ni ya kweli: anayemiliki orodha ya wachezaji ndiye anayemiliki kikosi.

Kuna usiku miwili ambayo, ukiiweka pamoja, inaeleza jambo hili kuliko kamusi yoyote.

Wa kwanza ni Oktoba 16, 2003, mjini New York. Boston Red Sox, ambao hawakuwa wametwaa ubingwa tangu 1918, walikuwa mbele ya Yankees kwa mikimbio 5 dhidi ya 2 katika awamu ya nane, na mchezo una awamu tisa. Mrushaji wao ni Pedro Martinez, mmoja wa warushaji bora waliopata kuonekana. Mrushaji wa besiboli husimama juu ya kijiinuko cha udongo katikati ya uwanja, na kila mpira anaourusha huhesabiwa. Ofisi ya Boston, chini ya Theo Epstein, aliyekuwa bado hajatimiza miaka 30, ilikuwa na hesabu zake: Pedro akishavuka mipira 100, wapigaji humzoea na kumpiga kirahisi. Yankees wakapata mpigo, kisha mwingine, ikawa 5-3. Kocha Grady Little akatoka benchini, akatembea hadi kwenye kijiinuko, akamuuliza Pedro kama bado ana nguvu. Pedro akasema anazo. Little akageuka, akarudi peke yake. Mipigo miwili mikubwa ikafuata na matokeo yakawa 5-5. Pedro alitolewa akiwa amerusha mipira 123. Mchezo ukaenda awamu za ziada, na katika ya 11 Aaron Boone wa Yankees aliupiga mpira hadi nje ya uzio, na msimu wa Boston ukaishia hapo.

Little alikuwa ameshinda mechi 93 katika msimu wake wa kwanza na 95 katika wa pili. Kabla mwezi haujaisha klabu ilitangaza kwamba haitaendelea naye. Alikuja Terry Francona, na mwaka uliofuata Boston wakawa mabingwa.

Usiku wa pili ni Oktoba 27, 2020, Arlington, Texas, fainali, mchezo wa sita. Tampa Bay Rays wanaongoza 1-0 dhidi ya Los Angeles Dodgers. Mrushaji wao Blake Snell amerusha mipira 73 tu, amewatoa wapigaji tisa bila wao kuupeleka mpira uwanjani, na katika awamu ya sita ametoa mpigo wa pili tu wa usiku mzima. Kocha Kevin Cash anatoka benchini na kumwondoa. Hesabu za Rays zinasema wapigaji wakimwona mrushaji kwa mara ya tatu katika mchezo mmoja wanakuwa hatari zaidi, na wanaofuata ndio hao, wakiongozwa na Mookie Betts. Betts anampiga mrushaji mpya mara moja, Dodgers wanapindua matokeo, wanashinda 3-1 na kutwaa ubingwa. Marekani nzima ilimlaani Cash. Yeye hakuguswa. Mwezi uliofuata alitangazwa kocha bora wa mwaka wa ligi yake, na mwaka 2021 akaipata tena tuzo hiyo.

Mmoja alimwacha mrushaji akafukuzwa, mwingine alimtoa akabaki, na wote wawili walishindwa. Ukitafuta sheria ya besiboli itakayoeleza tofauti hiyo hutaipata. Little alifuata macho yake na neno la mchezaji, kinyume na karatasi ya ofisi; Cash alifuata karatasi. Mechi moja inaweza kupotea kwa bahati mbaya, na ofisi inalijua hilo vizuri kuliko shabiki. Inachotaka kujua ni kama mtu wake wa benchini anafanya maamuzi kwa njia iliyokubaliwa. (Aaron Boone, aliyemfukuzisha Little kwa pigo moja, leo ni kocha wa Yankees. Aliichukua kazi hiyo baada ya Joe Girardi kuachwa mwishoni mwa 2017, ingawa Girardi alikuwa ameifikisha timu mchezo mmoja tu kabla ya fainali.)

Sasa hiyo ofisi tuiiteje? Kiingereza husema "front office", na nimeshaona ikitafsiriwa "ofisi ya mbele". Ofisi ya mbele ni mapokezi. Ndipo unapoandika jina lako kwenye daftari la wageni. Kinachokusudiwa ni mkuu wa idara ya besiboli, meneja mkuu chini yake, maskauti, wachambuzi wa takwimu na wanaosimamia timu za vijana. Kurasa za michezo zina neno lake la kila siku, nalo ni uongozi: uongozi wa klabu umeamua, uongozi haujaridhishwa. Linatosha kwa habari nyingi. Tatizo lake ni kwamba linamvuta ndani na mmiliki, na katika besiboli mmiliki na idara ni vitu viwili. Pale Washington familia ya Lerner, wenye klabu, ndiyo iliyomwondoa Rizzo. Rizzo asingeweza kujiondoa. Mahali ambapo tofauti hiyo ina maana, napendelea "idara ya besiboli" kwa wataalamu na "mmiliki" kwa mwenye pesa.

Zamani mmiliki hakuhitaji idara. George Steinbrenner wa Yankees alimwajiri Billy Martin mara tano na kuachana naye mara tano, kati ya 1975 na 1988. Mwaka 1985 alimwahidi Yogi Berra msimu mzima, kisha akamwondoa baada ya mechi 16, na hakumwambia mwenyewe, bali alimtuma mtu. Berra, gwiji wa klabu hiyo, aliapa kutokanyaga uwanja wao, na akakaa miaka 14 hadi wapatane mwaka 1999. Kufukuzwa alikuzoea, maana Yankees walikuwa wameshamwondoa mara moja mwaka 1964. Kilichomuuma ni mjumbe.

Kwa upande wa vitenzi Kiswahili hakina njaa. Kibarua kimeota nyasi, ametupiwa virago, na Kenya wanasema amepigwa kalamu. Tatizo ni kwamba vyote vinapaka rangi moja mambo tofauti. Little hakufukuzwa kwa maana ya kisheria: mkataba wake ulikuwa na kipengele cha kuongezwa, klabu haikukitumia. Wa Girardi mwaka 2017 uliisha tu. Hao hawakuongezewa mkataba. Martinez wa Washington alifutwa kazi msimu ukiendelea. Na wapo wanaofutwa kazi kwa lugha laini: Mike Shildt aliondolewa St. Louis Oktoba 2021, wiki chache baada ya timu yake kushinda mechi 17 mfululizo, na klabu ikasema sababu ni tofauti za kifalsafa. Msomaji wetu aliyezoea "makubaliano ya pande mbili" hatahitaji ufafanuzi. Mfasiri mwaminifu ataandika kwamba hawakuelewana kuhusu namna ya kuendesha timu, na ataacha falsafa ipumzike.

Je, kufukuza kunasaidia? Mwaka 2022 Philadelphia walimwondoa huyohuyo Girardi mapema Juni wakiwa wameshinda 22 na kupoteza 29. Rob Thomson akashika nafasi, na timu ikafika fainali. Siku nne baada ya Girardi, Los Angeles Angels walimwondoa Joe Maddon katikati ya mfululizo wa vipigo 12. Vikafika 14, na msimu ukaisha wakiwa wamepoteza mechi 89. Baltimore mwaka 1988 walimtimua Cal Ripken mzee baada ya kupoteza sita za mwanzo, kisha wakapoteza nyingine 15. Na Washington hao hao, Mei 2019, walikuwa wameshinda 19 na kupoteza 31 huku kila mtu akimtaka Martinez aondoke. Hawakumgusa. Oktoba wakawa mabingwa.

Jaribio la ajabu kuliko yote ni la Chicago Cubs. Mwaka 1961 mmiliki P. K. Wrigley alikifuta cheo cha "manager" na kuweka jopo la makocha wanaopokezana usukani. Timu ilipoteza mechi 90 mwaka huo na 103 mwaka uliofuata. Wachezaji hawakujua wamsikilize nani, maana wa leo aliagiza hiki na wa kesho kile.

Uamuzi wangu basi ni huu. "Manager" wa besiboli ni kocha mkuu. Najua ana makocha wengine chini yake, wa warushaji na wa wapigaji. Kocha mkuu wa soka naye ana wa makipa. "General manager" abaki meneja mkuu, kwani cheo hicho msomaji anakijua kutoka kwenye mashirika na benki, na maana yake haiko mbali. "Meneja" peke yake tumwachie mwenye pasi na jezi.

Besiboli haiko mbali nasi kama wengi wanavyodhani. Watoto wa Lugazi, Uganda, walicheza mashindano ya dunia ya vijana kule Williamsport mwaka 2012, na mwaka 2022 Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, walisaini na Dodgers. Habari hizi zitaendelea kuja mezani. Mhariri, ukiletewa inayosema kocha ametimuliwa bila kutaja aliyemtimua, irudishe kwa mwandishi, umuulize kama ni mmiliki, mkuu wa idara au mkataba umeisha tu.