Mbegu za Pamba Zinazostahimili Magonjwa ya Miche

Mche wa pamba huweza kufa wiki chache tu baada ya kuota, kabla mkulima hajamaliza palizi ya kwanza. Katika Kanda ya Ziwa, magonjwa mawili yamewashughulisha watafiti kwa muda mrefu: mabaka ya bakteria, yanayoanza kama madoa yenye majimaji kwenye majani mawili ya kwanza, na mnyauko fuzari, unaosababishwa na kuvu waishio udongoni.

Mnyauko ndio mgumu zaidi. Kuvu wake hudumu shambani kwa miaka mingi hata pamba isipolimwa, husafiri na mbegu, na huingia kwa urahisi katika mizizi iliyojeruhiwa na minyoo fundo. Hakuna dawa ya kunyunyizia inayouponya mmea ulioambukizwa. Ndiyo maana Kituo cha Ukiriguru, wilayani Misungwi mkoani Mwanza, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kimeelekeza nguvu katika kuzalisha aina zenye ukinzani wa asili.

Watafiti huchavusha mmea wenye nyuzi bora kwa chavua ya mmea wenye ukinzani, kisha hupanda vizazi vyake, kwa makusudi, katika udongo wenye vimelea. Miche inayonyauka huondolewa. Inayosalimika hufungwa vitumba vya maua ili nyuki wasilete chavua ya nje, na mbegu zake hupandwa tena msimu unaofuata. Kwa kuwa msimu ni mmoja kwa mwaka, kazi hii huchukua miaka mingi. Na mmea uliopona bado huweza kukataliwa kwa sababu tu nyuzi zake ni fupi. Miongoni mwa aina zilizotoka Ukiriguru ni UK91 na UKM08.

Hata hivyo, kilichojengwa kwa miaka kituoni huweza kuharibika kwa msimu mmoja kiwandani. Baada ya biashara ya pamba kufunguliwa mwaka 1994, utaratibu wa kutenga maeneo ya mbegu ulivunjika, pamba ya maeneo tofauti ikachambuliwa pamoja, aina zikachanganyika na mnyauko ukapata njia ya kusambaa.

Mkulima anashauriwa kupanda mbegu iliyothibitishwa na kung'oa na kuchoma masalia baada ya mavuno. Akiona mimea ikinyauka ilhali udongo una unyevu, akate shina kwa kisu. Rangi ya kahawia ndani yake ni dalili ya mnyauko, na afisa ugani ajulishwe kabla pamba ya shamba hilo haijachanganywa na ya majirani.