Vitamini A si ya macho tu, wadau!

Wadau, shuleni wengi tuliambiwa vitamini A ni ya macho, basi. Kumbe ina kazi nyingine kubwa: kuelekeza askari wa mwili. Naiweka hapa hasa kwa vijana wenzangu wa Kashai na Bukoba nzima ambao tayari mna watoto au wadogo zenu nyumbani.

NI NINI: Ni molekuli ya jamii ya mafuta. Huyeyuka kwenye mafuta, na ghala lake kuu ni ini.

INAVYOFANYA KAZI: Baadhi ya seli za kinga za utumbo huigeuza kuwa asidi ya retinoiki, ambayo huingia kwenye chembe nyeupe za damu na kuwasha jeni fulani. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kwa panya kuwa ndiyo inayozielekeza chembe T ziende utumboni. Mwaka 2007 ikaonekana pia husaidia baadhi yake ziwe za kutuliza kinga isishambulie mwili wenyewe. Ikipungua, askari wapo ila hawajui lindo lao.

USHAHIDI WA HAPA HAPA BONGO: Hospitali ya Mvumi, Dodoma, watoto 180 wenye surua waligawanywa kwa bahati nasibu. Matokeo yalichapishwa 1987. Waliopewa vitamini A walikuwa 88, wakafa 6. Wasiopewa 92, wakafa 12. Kwa jumla tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kitu, ila kwa wa chini ya miaka 2 ilikuwa kubwa: kifo 1 dhidi ya 7.

TUFANYEJE: Ndizi zetu za kupika zinashibisha lakini vitamini A yake ni kidogo. Ongezeni mchicha, maboga, papai, viazi lishe, mayai, maini, na mafuta ya mawese yale mekundu. Mboga ziwe na mafuta kidogo, la sivyo mwili haufyonzi vizuri.

Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone kila baada ya miezi 6, kwa kawaida Juni na Desemba. Mtoto akipata surua, mkimbizeni kituo cha afya. WHO inapendekeza dozi siku mbili mfululizo. Ila haichukui nafasi ya chanjo!

Angalizo: msijinunulie dozi kubwa. Ikizidi huumiza ini, na kwa mjamzito inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Habari ndo hiyo. Mwenye swali aulize hapo chini.