Kujitegemea katika Muziki wa Dansi wa Morogoro

Maneno beni na bendi yana asili moja katika Kiingereza, lakini hayakuingia katika Kiswahili siku moja, wala hayakuingia kwa mlango mmoja. Beni ilikuwa ngoma ya mashindano iliyozaliwa pwani, yenye kuiga gwaride na tarumbeta za askari, nayo baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilienea bara kwa kuifuata reli. Bendi ilikuja baadaye, pamoja na gitaa, saksafoni na dansi ya ukumbini. Mtu atakaye kujua jinsi bendi ilivyoweza kuishi mbali na Dar es Salaam hana budi kuutazama mji wa Morogoro, ulio chini ya milima ya Uluguru. Kwa maana hapo zilisimama bendi mbili mashuhuri ambazo hazikuwa na bwana.

Ya kwanza ni Morogoro Jazz, iliyoundwa mwaka 1944. Ya pili iliasisiwa na Salum Abdallah mwaka 1948 kwa jina la La Paloma, kisha ikajulikana kote kwa jina la Cuban Marimba. Msomaji asidanganyike na neno jazz. Katika Tanganyika ya siku hizo neno hilo halikutaja muziki wa Wamarekani weusi wa New Orleans; lilikuwa karibu sawa na kusema bendi ya dansi, na kwa maana hiyo liliandamana na majina ya miji: Dar es Salaam Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz. Muziki wenyewe ulielekea zaidi Kuba, kwa sababu sahani za santuri za namba za GV, zilizoanza kutolewa na kampuni ya Kiingereza mwaka 1933 kwa ajili ya soko la Afrika, zilikuwa zimejaa rumba na nyimbo nyinginezo za kisiwa hicho.

Wenyeji wa milimani ni Waluguru, na lugha yao ni Kiluguru. Lakini mji ulifikiwa na reli mwaka 1907, ukawa njia panda ya barabara za Iringa na Dodoma, na mashamba ya katani yaliyouzunguka yakakusanya vibarua wa makabila mengi. Mtunzi aliyetaka watu wote walipe kiingilio hakuwa na lugha nyingine ila Kiswahili. Jambo hili halijapewa uzito wake katika habari za kuenea kwa lugha yetu: kabla serikali yoyote haijaamuru, mlango wa ukumbi wa dansi ulikuwa umekwisha kuamua.

Majina nayo yastahili kutazamwa. Marimba ni neno la Kibantu, lenye kiambishi chake ma-, lililovushwa bahari pamoja na watumwa, likakaa Amerika ya Kati kwa karne kadhaa, na huku Morogoro likaandikwa ubavuni mwa jina la Kuba. Wapinzani wao, Morogoro Jazz, mmojawapo wa mitindo yao waliuita Likembe, ambalo ni jina la kinanda cha vidole cha Kongo. Mtindo mwingine uliitwa Sululu, nayo ni zana ya kuchimbia. Basi bendi mbili zenye kushindana zilijipamba kwa majina ya ala za kale za Kibantu, ilhali wimbo ulibebwa na magitaa. Wasemao kwamba muziki huu ulikuwa kuiga wageni tu hawakuyasikiliza majina hayo vizuri.

Katika usemi wa wanamuziki, neno vyombo halina maana ya sahani na sufuria, bali ni magitaa, ngoma na vipaza sauti. Na mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Hapo ndipo ilipo habari yote ya uhuru wao. Mwaka 1964 Chama cha Wafanyakazi, NUTA, kiliunda NUTA Jazz. Wapigaji wakawa waajiriwa wenye mshahara, na vyombo vikawa mali ya chama. Mashirika na majeshi mengine yakafanya vivyo hivyo. Haifai kuudharau mpango huo, kwani ulimpa mpiga gitaa heshima ya mfanyakazi, naye hapo kabla aghalabu alihesabiwa kuwa mhuni. Lakini Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipolifanya neno kujitegemea kuwa neno la taifa, ajabu yake ni kwamba bendi zilizokuwa zikitegemea mashirika ya umma ndizo zilizozidi kuongezeka, na zile zilizojitegemea kwa maana halisi ya kitenzi hicho, kwa kiingilio cha mlangoni na kwa safari za usiku, zilikuwa za watu kama wale wa Morogoro.

Yafaa kulinganisha na Uingereza. Mnamo Januari 1977 vijana wa kundi la Buzzcocks, katika mji wa Manchester, walitoa sahani yao ya kwanza, Spiral Scratch, kwa fedha za kukopa na kwa nembo yao wenyewe, New Hormones. Wanahistoria wa muziki wa panki hulihesabu tendo hilo kuwa mojawapo ya vyanzo vya muziki huru wa nchi ile. Kwao kiwanda kilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuthubutu kulipa pasipo kungoja kampuni kubwa. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani hata kimoja. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi, lakini kwa ajili ya kutangaza. Aliyetaka sahani ya kuuzwa dukani alielekea Kenya: nyimbo za Salum Abdallah zilitolewa Mombasa na nembo ya Mzuri. Kwa hiyo mwanamuziki wa Morogoro alikuwa huru jukwaani, lakini dukani alitegemea wengine.

Hakuna aliyeyaona hayo kwa uchungu kuliko Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1944 ilipoundwa Morogoro Jazz. Alikwenda Osaka mwaka 1970 kuiwakilisha Tanzania katika Maonyesho ya Dunia. Mwaka 1973 akajitenga, akaunda Super Volcano. Mtindo wake mpya akauita Masika. Sahani zake zilipata wanunuzi wengi Kenya. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na soko la sahani likabaki ng'ambo. Mpaka ulikuwa ungali umefungwa Januari 1979, alipofariki kwa ajali ya gari huko Mombasa. Salum Abdallah naye alikuwa amefariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na Cuban Marimba ikaongozwa na Juma Kilaza. Si haki kuzifanya ajali hizo mbili kuwa moja, kwa maana kila ajali ina sababu yake. Ila mwanamuziki asiye na mshahara hana ofisi isipokuwa barabara.

Sheria ya Hakimiliki na Haki Shiriki ilipitishwa mwaka 1999, wote wawili wakiwa wamekwisha kuzikwa. Mwaka uliofuata, mkusanyo wa nyimbo za Salum Abdallah za miaka ya 1955 hadi 1965 ulitolewa kwa jina la Ngoma Iko Huku. Ulitolewa Ujerumani.