Kalenda, dagaa na siku sita zilizopotea

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya kwa wiki tatu. Wengine mmeniandikia kuuliza kama nimehamia Dar. Sijahama, bado nipo hapa hapa Mwanza. Nilikuwa na kesi ya kujibu kwa shangazi yangu, na kesi yenyewe ni ya kalenda. Nimeona niiandike, maana katika kuitafutia majibu nimejikuta nimesoma historia ambayo sikufundishwa chuoni.

Shangazi anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Anayeufahamu mwalo ule anajua kwamba gunia likitoka pale laweza kuishia Rwanda, Burundi au Congo. Wateja wake wengi hawakai Mwanza. Wanapiga simu: "Mama, dagaa wapo?" Na jibu linategemea mwezi, maana dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Taa inawavuta dagaa pale tu usiku unapokuwa mweusi. Mbalamwezi ikiwaka, taa inakosa kazi, wavuvi wanavuta mitumbwi nchi kavu, wanashona nyavu na kulala. Mwezi ukishaanza kuchelewa kutoka, wanarudi majini. Hiyo ndiyo kalenda ya kambi zote za visiwani, Watanzania na wenzao wa Kenya wanaowaita omena na wa Uganda wanaowaita mukene. Haikuandikwa popote na kila mtu anaifuata.

Mimi msomi nikaona niiandike. Januari mwaka jana nilitengeneza kalenda kwenye simu, nikaipa jina "Giza". Nikaweka tukio moja, usiku wa nne baada ya mwezi mpevu, "giza linaanza". Kisha nikaiambia programu: rudia kila baada ya siku 29. Nikawagawia wateja wa shangazi kiungo. Watu 14 walijiunga. Shangazi alinisifu mbele ya wenzake kiasi cha kuniaibisha.

Hapa nisimame kidogo nieleze tunachofanya tunapojiunga na kalenda ya mtu, maana ndipo kosa lilipojificha.

Kalenda za kompyuta zilikuwepo tangu zamani, lakini kila moja iliongea lugha yake. Mwaka 1996 muungano wa makampuni ulioitwa Versit ulitoa mtindo mmoja, vCalendar. Novemba 1998 ukafuata mtindo mkubwa zaidi, iCalendar, kwenye waraka uitwao RFC 2445, ulioandikwa na Frank Dawson wa Lotus na Derik Stenerson wa Microsoft. Ni maandishi matupu tu. Ukifungua faili lake utasoma mwenyewe: tukio linaanza lini, linaisha lini, linaitwaje, linajirudia vipi. Mwaka 2002 Apple walitoa programu yao ya iCal, na hapo watu wa kawaida wakaanza kuchapisha kalenda zao mtandaoni na wengine kujiunga nazo. Aprili 2006 ikaja Google Calendar. Mwaka 2009 waraka ule wa 1998 ukaandikwa upya, ukawa RFC 5545, na ndio ambao simu yako inautumia hadi leo, uwe na simu ya laki moja au ya milioni mbili.

Sasa kuna njia mbili za kumpa mtu kalenda. Ya kwanza ni kumpa faili. Analifungua, matukio yanaingia kwenye simu yake, na kuanzia hapo ni mali yake. Ya pili ni kumpa anwani. Simu yake inakwenda kwenye ile anwani kila baada ya muda, inasoma upya, inaleta kilichobadilika. Mimi ni mtu wa gazeti, kwa hiyo naielewa hivi: ya kwanza ni kumpigia mtu fotokopi ya ukurasa, ya pili ni kumwandikisha apelekewe gazeti kila asubuhi. Ukikosea kwenye gazeti, kesho unachapisha masahihisho na msomaji wako anayapata. Fotokopi ikishatoka mkononi mwako imekwenda.

Tuendelee na mwezi.

Mwezi hautimizi siku 29 kamili. Kutoka mwezi mpevu hadi mwezi mpevu ni wastani wa siku 29 na nusu, na kidogo juu yake. Kila mzunguko kalenda yangu ilikuwa inakimbia mbele zaidi ya nusu siku. Mwezi wa kwanza hakuna anayeona. Julai, baada ya mizunguko sita, ilikuwa imeshakosea siku tatu, na shangazi akanipigia. "Baba, hiyo simu yako inasema giza, mimi natembea nje bila tochi."

Nilijaribu kuirekebisha kwa kutafuta namna ya kuiambia programu "rudia kila mwezi mpevu". Haipo. Mtindo wa 1998 ulijua kurudia kwa siku, wiki, mwezi na mwaka, lakini mwezi wenyewe ni Januari na Februari, siyo huu wa angani. Ni mwaka 2015 tu ulipotoka waraka mwingine, RFC 7529, ulioruhusu kurudia kwa kalenda zisizo za Kizungu: ya Kichina, ya Kiyahudi, ya Kiislamu na nyingine. Programu niliyokuwa naitumia haikunipa nafasi hiyo.

Na ajabu ni kwamba sisi watu wa pwani ya ziwa tunaishi kwa mwezi kuliko tunavyokiri. Chukua Eid. Simu zetu nyingi zimeunganishwa na kalenda ya sikukuu za Tanzania inayotoka nje, na inakuandikia Eid miezi mingi kabla. Inapiga hesabu. Lakini usiku wa 29 Ramadhani watu bado wanasubiri tangazo la kuandama kwa mwezi, na wahariri wetu wanaandaa kurasa mbili za mbele, moja ya leo na moja ya kesho. Kiswahili chenyewe kilikuwa kinahesabu hivyo hivyo: mfungo mosi, mfungo pili, hadi mfungo tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Waislamu wazee wa pale Mwanza mjini wanaweza kukutajia tarehe hizo bila kugusa simu.

Mkristo asicheke. Pasaka nayo inafuata mwezi mpevu, ule wa kuanzia tarehe 21 Machi, Jumapili inayofuata. Kutokana na Pasaka unapata siku ya 60, sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Na kutokana na sikukuu hiyo unapata Bulabo ya Bujora, kule Kisesa, ngoma kubwa ya Wasukuma ambayo Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, aliisimika, yeye aliyeanzisha kituo na makumbusho pale. Wagika na Wagalu wanashindana kwa ngoma, wananchi wanajaa, na tarehe ya yote hayo imetokana na mwezi mpevu wa miezi miwili na kidogo nyuma. Nimewahi kutumwa kuripoti Bulabo. Mhariri aliniuliza kwa nini tarehe imehama kutoka mwaka uliopita, nikamjibu kwamba sijui. Sasa najua.

Juma letu nalo lina yake. Jumamosi ni ya mosi, Jumapili ya pili, mpaka Jumatano ya tano. Halafu inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu ni ya tano tena! Tuna siku mbili za tano katika juma moja na hatujawahi kugombana. Waraka wa iCalendar unakuruhusu kusema juma lako linaanza siku gani, na usiposema unakuanzishia Jumatatu. Kwa Kiswahili ilipaswa kuwa Jumamosi. Sijamwona mtu yeyote aliyeiweka hivyo, hata mimi sijaiweka.

Na saa? Kila mwandishi wa habari wa Tanzania amewahi kupata mwaliko wa kikao "saa 3:00" uliotumwa kwenye kalenda ya ofisi na mtu anayefikiri kwa Kiswahili kupitia programu inayofikiri kwa Kizungu. Simu inakuamsha saa tisa usiku. Tena hapa Mwanza hata hiyo saa yetu siyo ya jua. Nchi nzima inatangulia Greenwich kwa saa 3 kamili, lakini Mwanza iko magharibi, kwenye nyuzi kama 33 za mashariki, na jua linatuchomoza dakika kama 25 baada ya Dar es Salaam. Utosini linafika karibu saa saba kasorobo. Kuna wakati chini ya Waingereza Afrika Mashariki ilitumia saa 2 na dakika 45 kutoka Greenwich, robo saa nzima pungufu ya hii ya leo. Wanaotunza kumbukumbu za saa za dunia kwa ajili ya kompyuta bado wanaihifadhi robo saa hiyo.

Kabla ya simu, kalenda iliyowaunganisha watu wa ziwa ilikuwa meli. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, reli kutoka Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928, na meli za shirika la reli na bandari za Afrika Mashariki zikawa zinazunguka ziwa zima kwa ratiba moja, Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell. Nchi tatu, karatasi moja. Mtu wa Bukoba hakuhitaji kuuliza barua itafika lini, aliuliza meli ni siku gani. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na ile karatasi ikachanika. Kila nchi ikabaki na meli zake na siku zake.

Mtanisamehe, hapa sitaandika kwa utani. Tarehe 21 Mei 1996, siku ya Jumanne, MV Bukoba ilizama ikikaribia kuingia Mwanza. Waliokufa wanakadiriwa kuzidi 800, na wengi wamezikwa Igoma. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Lakini kwetu tarehe hiyo inajulikana kama siku ya kuzaliwa ya mtu wa nyumbani, na haimo kwenye kalenda ya sikukuu iliyokuja na simu yangu. Niliiongeza mwenyewe.

Ya pili naikumbuka. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka hatua chache kabla ya kufika Ukara, ikitokea Bugolora, Ukerewe. Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ni siku ya gulio Bugolora. Kivuko kilijengwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Kila mtu wa Ukara alijua Alhamisi kivuko kitajaa, maana gulio ni kalenda ambayo kila mama anayeuza nyanya anayo kichwani. Najiuliza mara nyingi kama kalenda ile ya gulio iliwahi kuwekwa mezani pamoja na ratiba ya kivuko na mtu mwenye uwezo wa kuongeza safari ya Alhamisi.

Basi, turudi kwenye kesi yangu.

Julai ile nilifanya nilichopaswa kufanya Januari. Nilitafuta tarehe za mwezi mpevu za mwaka mzima, nikaziingiza moja moja, nikafuta ile ya siku 29. Kesho yake simu za watu wote 14 zilikuwa na tarehe sahihi bila wao kugusa kitu. Nilijiona fundi.

Ila kulikuwa na mtu wa 15. Mteja wa shangazi wa miaka tisa, mfanyabiashara wa Kahama, anayekuja na fuso mara chache kwa mwaka lakini akija anabeba mzigo wa kulipa ada za shule. Kiungo kilimshinda kufungua, akaniambia nimtumie kwa WhatsApp. Nikamtumia faili. Fotokopi, mnakumbuka? Sikuliandika jina lake popote, na Julai sikumkumbuka.

Novemba simu yake ilimwambia giza linaanza. Akakodi fuso, akachukua dereva na vijana wawili, akaingia Mwaloni alfajiri. Mizunguko 11 ilikuwa imepita, na faili lilikuwa limekosea karibu siku sita. Mwezi ulikuwa unakaribia kuwa mpevu. Mitumbwi ilikuwa nchi kavu, wavuvi wamelala, na shangazi alikuwa ameshauza mzigo wa giza lililopita. Alikaa gesti usiku mbili, akamlipa dereva siku za kukaa bure, kisha akanunua kwa mchuuzi mwingine aliyekuwa na akiba stoo, kwa bei ya juu. Tangu hapo ananunua kwa huyo.

Shangazi hakunikaripia. Aliniuliza tu kama naweza kuliita lile faili lirudi. Nikamweleza kwamba haiwezekani, liko kwenye simu ya mwenyewe na litaendelea kukosea nusu siku kila mwezi mpaka alifute kwa mkono wake. Akanyamaza. Akasema, "Kwa hiyo hata leo linamdanganya."

Nimempigia yule bwana mara nne, hapokei. Ujumbe anausoma, hajibu. Wiki iliyopita shangazi aliamua kwamba simu imetosha, niende mwenyewe. Jumamosi napanda basi la Kahama. Amenifungia ndoo ya dagaa, wale waliokaushwa kwenye chanja bila mchanga, na amenipa maagizo mawili: nimsalimie mke wake kwanza, na nisitoe simu mfukoni mpaka niombwe.